Gitaa la Vyumba Vitano

Kwenye hitima ya Mama Mdogo, mkono wangu wa kushoto uliniaibisha. Tulikuwa tumekaa chini wanawake watupu, mikeka imejaa mpaka uani, na aliyekuwa akisoma alikuwa na sauti nzuri iliyopanda na kushuka taratibu. Nilikuwa nimeinamisha kichwa kwa huzuni ya kweli, maana Mama Mdogo Zainabu alikuwa mtu wangu. Lakini vidole vilikuwa juu ya paja, chini ya kanga, vinatembea. Binamu yangu Mwajuma aliyekaa ubavuni aliviangalia kwa muda, kisha akanisogelea sikioni: "Dada Somoe, unahesabu nini? Kama ni watu wa pilau, nimeshawahesabu mimi." Nilivikunja vidole nikamwambia sihesabu kitu. Ukweli ni kwamba nilikuwa barazani Chikongola. Nilikuwa nimeshapita mlango wa Mama Mdogo, nimepita kwa Bi Mwanahawa, nakaribia kwa Bwana Ambokile, na mtu hawezi kueleza jambo kama hilo katikati ya hitima akaonekana mzima.

Napiga gitaa tangu ujana. Nimepiga harusini, nimepiga hotelini, nimepiga kwenye kampeni za watu ambao sikuwapigia kura. Siku hizi mikono imepunguza kasi, nafundisha. Jumamosi wananijia vijana wanaofanya kazi kwenye mitambo ya gesi kule Madimba, watoto wa watu kutoka Moshi, Bukoba na Songea, wana magitaa ya bei mbaya na simu zenye picha ya shingo ya gitaa iliyopakwa rangi tano. Ni vijana wazuri. Wananizidi mbio na wananizidi majina ya vitu. Tatizo linakuja wakiniuliza. "Mama Somoe, hapo uko pozisheni ya ngapi?" Nami hujibu kabla sijafikiri: "Hapa? Hapa niko kwa Sista." Hutazamana kwa adabu, kama watu wanavyotazamana mzee akianza kuchanganya majina ya wajukuu. Sijawahi kuwaeleza. Sasa Mama Mdogo amekwenda, na aliyebaki wa kucheka naye jambo hili simwoni, kwa hiyo naliandika.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na matokeo yangu yalikuwa ya aina ambayo watu wazima wakiulizwa husema "tunamshukuru Mungu" kisha wanabadilisha mazungumzo. Nilikuja Mtwara mjini kukaa na Mama Mdogo pale Chikongola, nyuma ya maduka, kwenye banda refu la vyumba vitano. Vyumba vilipangana mstari mmoja, milango yote ikitazama uani, na baraza moja la saruji lilipita mbele ya milango yote kutoka mwanzo hadi mwisho. Chumba cha kwanza kilikuwa chetu. Cha pili walikaa Bi Mwanahawa na mumewe Sefu, waliooana kwa mapenzi na kubishana kwa mapenzi hayohayo. Cha tatu alikuwa Bwana Ambokile, karani wa bandarini, mtu wa Tukuyu, kapera, aliyepiga pasi hata leso. Cha nne alikuwa Sista Perpetua, muuguzi wa zamu za usiku, ambaye alilala mchana, kwa hiyo mbele ya mlango wake sote tulinyata. Cha tano kilikuwa stoo ya mwenye nyumba, kimejaa magunia ya korosho na kufungwa kufuli. Kati ya chumba na chumba ukuta ulikuwa mmoja tu, na haukufika kwenye paa. Ulikomea juu kidogo ya kichwa cha mtu mrefu, halafu hewa. Sefu akikohoa chumba cha pili, Bwana Ambokile alimpa pole kutoka cha tatu, na Mama Mdogo akaongeza kutoka cha kwanza: "Atafune tangawizi."

Bwana Ambokile alikuwa na gitaa kavu, lisilo la umeme, ambalo waya wake mnene ulitoka kwenye breki ya baiskeli. Kila jioni akirudi kazini alivua viatu, akavipanga, akakaa kwenye stuli na kupiga. Alichopiga kilikuwa kilekile kila siku: noti zinapanda, noti zinashuka, palepale, kama fundi anayepima chumba kuona kama kitanda kitaenea. Sisi wengine tulikuwa barazani na sinia la ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi, au viazi pori vya ming'oko vilivyochemshwa, vilivyoletwa na watu wa kutoka shamba, na Bi Mwanahawa na Sefu walibishana kwa kufuata mapigo yake bila kujua. Mimi nilikuwa nasahau kutafuna. Nilijua nataka kufanya kile anachofanya yule bwana, ila nilijua pia kwamba kila alipofika juu na kuanza kushuka, mimi nisingeshuka. Ningeendelea. Nilikuwa sijawahi kushika gitaa, lakini ubishi huo ninao tangu kuzaliwa.

Wakati huohuo bendi ya mtaa wetu, Kochokocho Jazz, ilipoteza mpiga solo. Hakufa, alihamia Dar es Salaam, lakini kiongozi wa bendi, aliyeitwa Chilumba, kila akimtaja alimwita marehemu. Chilumba alikuwa ameniona nikicheza kwenye harusi moja, akaja mpaka barazani kwetu kuniomba nijiunge na wanenguaji wake, wale wasichana wanaosimama mbele na kutikisa. Nikamwambia nataka nafasi ya marehemu. Alicheka mpaka akashika ukuta. Aliponiona sicheki, akafuta macho. "Unajua kupiga?" Nikamwambia nitajua. "Haya, binti. Idi Pili mchana tuna disko toto ukumbini. Watoto hawana roho mbaya. Utawapigia solo watoto. Ukiweza, nafasi ni yako. Ukishindwa, unakwenda mbele na wenzako."

Nilidhani Mama Mdogo atawaka moto. Alikuwa anapepeta mchele, hakuinua uso. "Hilo gitaa hupigwa mtu kasimama au kakaa?" akauliza. Nikasema hata kukaa. "Na lenyewe linafunika kuanzia wapi mpaka wapi?" Nikamwonyesha, kifuani mpaka karibu na magoti. Akapepeta kidogo. "Basi hilo sina neno. La kwenda kutikisika mbele za watu, hilo sahau, nikisikia nakuja ukumbini na mwiko." Halafu akaweka ungo chini, na hapo ndipo nilipojua mambo si mchezo. "Lakini na wewe ujue. Bibi yako kaleta salamu kutoka Kitaya. Kasema Idi ikipita huna kazi ya kueleweka mjini hapa, urudi ukapalilie mikorosho." Kitaya ni kwetu, kule kando ya mto Ruvuma, na bibi yangu alikuwa mtu anayeamka kabla ya jogoo na kisha kumlaumu jogoo. Nilimpenda sana, lakini nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nilijua nikirudi safari hii nitatoka kule nimebeba mtoto mgongoni. La kutikisa lilishafutwa. Kwa hiyo kwangu ilibaki ama solo, ama jembe.

Bwana Ambokile alikubali kunifundisha kwa sharti moja, kwamba wakati wa somo nimwite Mwalimu. Somo la kwanza alichukua mkaa akachora ukutani, kando ya mlango wake, shingo ya gitaa imelazwa, na juu yake masanduku matano yamepangana. "Skeli hii, yaani ngazi ya sauti, ina noti tano tu," alisema, kwa sauti ya mtu anayetangaza kuwasili kwa meli. "Nyimbo ngapi umesikia hapa Mtwara, ngomani, kanisani, redioni? Nyingi zinakaa ndani ya hizi tano. Noti nyingine zote ni wageni. Sasa, hizi tano zinakaa shingoni katika vyumba vitano. Chumba cha kwanza hiki, kinaanzia freti ya tano, kichuma hiki cha tano. Hutoki humo mpaka ukijue umefumba macho." Nikamwuliza hivi vingine tunaingia lini. "Polepole." Nikamwuliza yeye, Mwalimu, amefika chumba cha ngapi. Akainama kukaza waya wa breki. Kisha Sefu akajibu kutoka chumbani kwake, juu ya ukuta: "Yuko cha kwanza tangu ahamie!" Banda zima lilicheka, hata Sista Perpetua aliyepaswa kuwa amelala.

Mimi sikucheka sana kwa sababu nilikuwa natazama mchoro. Masanduku matano, mstari mmoja, ukuta mmoja kati ya moja na jingine. Nilikuwa natazama banda letu. Tangu siku hiyo sikuweza tena kuona kitu kingine. Chumba cha kwanza kilikuwa chetu mimi na Mama Mdogo, na kama Mwalimu alisema nisitoke, basi nisitoke. Nilipanda na kushuka humo wiki hadi wiki, noti mbili kwenye kila waya, kutoka waya wa breki mpaka ule mwembamba na kurudi, mpaka nikazijua kama ninavyojua pa kuweka mguu ili nisikanyage sufuria. Nilikuwa sawasawa na yeye. Na hilo ndilo lililonitia hofu, kwa sababu Ramadhani ilikuwa imeshaandama na nilichoweza kuwapigia watoto siku ya Idi ni kupima kitanda.

Tatizo la pili lilikuwa vidole. Nyuzi zile zilikuwa zinakata. Nilikuwa nikipiga kidogo, ncha za vidole zinawaka, naacha. Bwana Ambokile alisema nahitaji sugu, na sugu haziji kwa kuombwa. Sasa, Mama Mdogo alikuwa anabangua korosho pale uani pamoja na wanawake wengine. Wanazichoma kwenye bati lenye matundu, wanazivunja moja moja kwa kigongo, wamejipaka majivu mikononi kwa sababu ganda la korosho lina mafuta yanayobabua. Jioni moja nilimwona anaokota kaa la moto kwa vidole vitupu, analirudisha jikoni bila haraka, huku anaendelea kusimulia habari za mtu. Nikamwuliza amewezaje. "Mafuta ya maganda haya, mwanangu," akasema. "Miaka. Yanakula ngozi mpaka ngozi inakata tamaa." Nilisikia yote mawili, mafuta na miaka, lakini niliamua kwamba miaka ni ya watu wasio na Idi mbele yao.

Kesho yake nilichukua korosho mbichi kwenye gunia, nikazipasua, nikakamulia maganda ndani ya kifuniko cha chupa. Nikachovya vidole vya mkono wa kushoto: cha kati, cha pete na cha mwisho. Cha kwanza sikukichovya kwa sababu kilikuwa kimechomwa na mwiba wa samaki, changu, na kilikuwa kimefungwa kitambaa. Mwiba ule nimeushukuru maisha yangu yote. Nilikaa nimenyoosha mkono kama bibi harusi anayengoja hina ikauke, nimeridhika kabisa, nikiwaza namna nitakavyowashangaza. Kwanza ilikuja joto, halafu kuwasha. Halafu nikaanza kutembea uani bila mpango. Ilipofika wakati wa futari vidole vitatu vilikuwa vimevimba na kuwa vyeusi, na asubuhi yake ngozi ilikuwa inabanduka kama ya ndizi.

Mtu aliyezaliwa Mtwara kuchovya vidole kwenye mafuta ya korosho kwa hiari yake, habari hiyo ilifika sokoni kabla yangu. Sista Perpetua aliamshwa. Alikuja na bandeji na kanga ya kulalia, akaniangalia usoni kama anayetafuta homa. "Nimeshafunga waliomwagikiwa," alisema. "Wa makusudi wewe ndiye wa kwanza." Mama Mdogo alisimama mlangoni, mikono kiunoni: "Watoto wadogo wanayakimbia haya mafuta. Mbuzi wanayakimbia. Wewe umechovya kama mkate kwenye chai!" Alikuwa amekasirika kwelikweli, na wakati huohuo alikuwa amenichemshia uji peke yangu na kuutia nazi nyingi kuliko desturi. Namshukuru Mungu ulikuwa mkono wa kushoto, kwa hiyo kula nilikula. Shughuli nyingine za mkono wa kushoto sitazieleza hapa, ila nitasema tu kwamba wiki mbili zile nilijifunza unyenyekevu. Bwana Ambokile alivitazama vidole, akavua miwani, akaifuta. "Chumba cha kwanza kinataka vidole vitatu," alisema kwa huzuni. "Wewe una kimoja. Pumzika, binti. Labda Idi ya mwakani." Idi ya mwakani mimi ningekuwa Kitaya, na sote tulijua.

Nililia kidogo, nikachoka kulia, nikalichukua gitaa. Ilikuwa alasiri, ule muda kabla ya kufuturu ambao mtu hana nguvu za kufanya lolote la maana, na banda zima lilinuka mihogo ya kukaanga. Nikaweka kidole changu kimoja kwenye waya mwembamba, freti ya tano, mlangoni kwetu. Kwa kidole kimoja huwezi kuruka waya hadi waya kama alivyonifundisha Mwalimu. Kidole kimoja kinajua kusukumwa tu, mbele au nyuma. Basi nikakisukuma. Nikafika ukuta wa mwisho wa chumba chetu, ile noti ya pili, na hapo siku zote nilikuwa nageuka. Nikatazama ule mchoro wa mkaa ukutani. Nikatazama baraza, jinsi linavyopita mbele ya milango yote bila kumwuliza mtu. Nikasukuma tena kidole, na noti iliyotoka ilikuwa nzuri, ilikuwa ya familia ileile. Nilikuwa nimeingia kwa Bi Mwanahawa.

Nikaendelea. Na hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo nimelitumia mpaka leo na ambalo simu za vijana wangu zinalionyesha kwa rangi, lakini mimi lilinijia kupitia makalio yaliyokuwa yamekaa barazani. Kila waya una noti mbili ndani ya kila chumba, na ile ya pili ndiyo ya kwanza ya chumba kinachofuata. Ukuta ni mmoja. Wetu ndio wao. Kwenye waya ule mwembamba chumba chetu kilikuwa kipana, kwa Bi Mwanahawa chembamba, kwa Bwana Ambokile chembamba, kwa Sista kipana tena, na stoo chembamba. Nikaweza kutembea humo huku naimba majina ya majirani kwa sauti ya chini. Halafu nikajaribu waya wa pili, halafu wa tatu, na vipana na vyembamba vilibadilika lakini mpangilio wa jirani na jirani haukubadilika. Nikagundua pia kwamba kuingia kwa kishindo kunasikika vibaya. Inabidi ubishe hodi: uanze kwenye ukuta wa pamoja, uburuze kidole taratibu, uingie. Na ukishaingia ukae namna ya wenyewe. Kwa Bi Mwanahawa na Sefu kulikuwa na noti mbili zilizovutana, moja ikisema na nyingine ikijibu. Kwa Sista nilipita polepole sana. Stoo ndiyo sikuiweza, kwa sababu kwenye gitaa kavu shingo inaungana na tumbo hapohapo karibu na kwa Sista, na mkono unagota. Kwangu mimi kufuli lilikuwa palepale.

"Umetoka bila ruhusa," alisema Bwana Ambokile. Sikujua amesimama nyuma yangu tangu lini. Nikamwambia sikuvunja mlango, Mwalimu, nimepita barazani. Akaketi juu ya saruji yenyewe, na suruali yake ya pasi. "Rudia," akasema. Nikarudia. "Rudia hapo kwetu!" akapaza Sefu kutoka ndani. "Kwetu wapi?" akauliza Bi Mwanahawa. "Kwani hukusikia? Hapo aliposema na kujibiwa." "Sasa aliyejibiwa ni nani, mimi au wewe?" Wakaendelea hivyo mpaka adhana ya magharibi, na mimi nikaendelea nao, swali juu, jibu chini, nikiwafuata. Tulifuturu kwa kuchelewa siku hiyo na hakuna aliyelalamika.

Idi Pili ikafika, na mchana wake jua lilikuwa kali. Disko toto ilikuwa ya watoto peke yao, wazazi hawakuruhusiwa kuingia, kwa hiyo walijaa madirishani. Nilimwona Mama Mdogo kwenye dirisha la katikati, kajifunga kanga mpya, karibu yake Bi Mwanahawa na Sefu, na Bwana Ambokile amevaa tai. Ndani, watoto walikuwa wamevaa suti za kununuliwa kwa matumaini ya miaka mitatu ijayo, magauni yenye matabaka, miwani ya plastiki, na kila mmoja alikuwa na kitu cha kulamba. Chilumba alinikalisha nyuma kwenye kiti na kunipa gitaa la umeme la marehemu wa Dar. Kidole cha pete kilikuwa kimepona juzi yake. Kwa hiyo nilikuwa na viwili. Chilumba aliona bandeji kwenye vile vingine, akafungua mdomo, lakini mpiga ngoma alikuwa ameshaanza.

Wimbo ulikuwa mwepesi, ukizunguka mahali pamoja, na watoto walirukaruka hovyo kama watoto wanavyocheza, kila mtu na wimbo wake kichwani. Kisha Chilumba akanigeukia: "Somoe, ingia!" Nikaingia kwetu, chumba cha kwanza, nikakaa kidogo kupata pumzi. Nikabisha hodi kwa Bi Mwanahawa. Hapo nikaona mtoto mmoja wa mbele, aliyekuwa na suti ya kahawia na soksi moja, amesimama. Alinitazama mkono. Nilipoingia kwa Bwana Ambokile, aliinua mikono mpaka kifuani. Wenzake wakamwona, wakainua na wao. Nilipofika kwa Sista, mikono ilikuwa usawa wa vichwa, ukumbi mzima, na lambalamba zikiwachuruzika viwikoni. Nikasema sasa ndiyo mwisho. Nikasukuma kidole nikitegemea kugota kama kila siku, na hakikugota. Gitaa lile la umeme lilikuwa limekatwa begani, hakuna tumbo la kuzuia mkono. Nikajikuta ndani ya stoo. Sijui kueleza furaha ile. Nilikuwa nimeishi na chumba kile mwaka mzima sijawahi kukiona ndani. Nikapita stoo yote, nikatokea upande wa pili, na kule nikakuta noti za kwetu tena, chumba cha kwanza kimerudi juu zaidi, na shingo ikaisha.

Watoto walikuwa wamesimama kwa ncha za viatu vipya, mikono juu kabisa, wananingoja. Sikuwa na pa kwenda. Nilishikilia noti ile ya mwisho nikiitikisa kwa kidole, na nilipotazama dirishani nilimwona Mama Mdogo, naye mikono yake iko juu, kanga imeanza kufunguka. Basi nikageuka. Nikarudi, lakini sikurudi kwa njia ya barazani, kwenye waya mmoja. Nilishuka kwa kukatisha, waya huu nikiwa kwa Sista, waya ule kwa Bwana Ambokile, nikibisha hodi kila ukuta, noti zikiwa nzito zaidi kila mlango. Watoto wakaanza kushuka nami. Mikono kiunoni, mikono magotini, wakachuchumaa. Nilipofika kwetu kwenye waya mnene kabisa walikuwa wamelala kifudifudi ukumbi mzima, juu ya vumbi, na kule madirishani mama zao wakapiga yowe kwa sauti moja: "Nguo ya Idi hiyo! Inuka! Inuka!"

Chilumba alikuwa amekaa juu ya spika, anacheka machozi yanamtoka. Wimbo ulipoisha alikuja akaushika mkono wangu wa kushoto, akaugeuza na kuuchunguza. "Ni vidole viwili tu hivi?" Nikamwambia cha pili kimepona juzi. "Vikipona vyote utatuua," akasema. "Jumatatu mazoezi. Usichelewe, na usichovye kitu."

Nilirudi nyumbani sikanyagi ardhi. Mama Mdogo hakusema mengi mbele za watu, alisema tu kwamba nimekaa vizuri kwenye kiti. Kesho yake mchana nilikuwa nimejilaza chumbani peke yangu, nimechoka, nakaribia kusinzia, nikasikia sauti yake upande wa pili wa ukuta. Alikuwa kwa Bi Mwanahawa, wanakula visheti vilivyobaki. "Sasa itabidi umpelekee bibi yake habari," Bi Mwanahawa alisema. "Aache kumngoja huko Kitaya." Mama Mdogo alitafuna kwanza. "Nilishampelekea," akasema. "Tangu Ramadhani haijaanza. Nilimwambia mtoto kashapata kazi mjini, asimsubiri." Bi Mwanahawa akaacha kutafuna. "Ala! Zainabu! Na kama jana angeshindwa?" Akajibu kama mtu anayeulizwa jambo dogo. "Angeshindwa akiwa hapahapa. Kwani mimi chumba kile nilale na nani?"

Nilibaki nimeukodolea macho ukuta. Kwa hofu ya Kitaya nilikuwa nimejiunguza vidole vitatu, na Kitaya yenyewe haikuwepo, aliifuta mwenyewe kimyakimya kisha akanitishia nayo mwezi mzima akiniangalia ninavyohangaika. Nilitaka kumkasirikia. Nilitafuta hasira hiyo kila mahali nikaikosa, maana kilichonijaa kifuani kilikuwa kitu kingine, na mpaka leo nikikumbuka kinanijaa. Nikasikia ndara zake zinakuja barazani. Nikageukia ukutani upesi, nikafumba macho, nikaanza kukoroma.

Aliingia, akasimama juu yangu. Nilihisi ananifunika miguu kwa kanga.

"Nakujua hukoromi," alisema. "Na najua umesikia. Amka ukachote maji."